Supachaja ya Somo na Kifungu cha Mengineyo

Mpendwa mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinifundisha kwamba mtu haanzi maneno na mkubwa wake bila kumwamkia, hata kama amemkasirikia. Na mimi nimekukasirikia, mama. Hasira imenishika tangu jana saa nne asubuhi, nimelala nayo, nimeamka nayo, na sasa nimekaa barazani hapa Kibaha, chai imepoa mbele yangu, nakuandikia kwa sababu sina pengine pa kuipeleka. Naiandika wazi, anayetaka asome, maana mambo yetu mengi yaliharibika kwa kusemwa kwa kunong'ona.

Somo amepanda mlima. Nakwambia hilo mapema usije ukahangaika. Amepanda, na supachaja yako inalia kama ulivyotaka ilie. Lakini nina ya kwangu ya kusema kwanza, na safari hii hutanikatiza.

Unaikumbuka siku ya bodaboda? Nilikuwa nimekuja likizo, tukatoka kwetu Masaki kwenda Kisarawe mjini. Masaki ya Kisarawe, siyo ile ya Dar ya watu wenye mabwawa ya kuogelea, ulivyopenda kusema kila ukiulizwa unakaa wapi. Tulipakia mihogo hadi pikapu ikainama nyuma. Hiyo pikapu ya Kifaransa, ya zamani kunishinda mimi, uliinunua kwa pesa ya korosho mwaka ule baba alipohamia kwa mke mwenzio kule Ruvu. Watu walikuja kukupa pole, wakakukuta uko chini ya gari unachungulia ekzosi. Ukaiita Somo, kwa sababu ulisema ndiye aliyekufunda dunia baada ya mume kukushinda.

Basi tukafika mlimani. Ukaweka gia namba mbili. Somo akanung'unika. Ukaweka namba moja, akawa anatambaa, na mimi nawaona sisimizi barabarani mmoja mmoja. Ndipo akatokea kijana wa bodaboda, kapakia magunia matatu ya mkaa, mengine yamemzidi kimo. Akatufikia, akatulia kidogo ubavuni mwetu, akageuza kichwa na adabu zake zote.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu," ukaitikia, meno umeyauma. Ungefanya nini? Umeamkiwa. Akatupita, akaenda zake, tukabaki na vumbi la mkaa.

Tulipofika juu ukazima gari. Ukaacha mikono juu ya usukani. "Umeona? Kanipita. Na mkaa. Na kuniamkia juu yake." Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Wewe hukucheka hata kidogo. "Cheka tu," ukasema. "Wewe si unapanda basi."

Hilo nalo lilikuwa jambo letu. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilikuomba unifundishe kuendesha. Ukanitazama kama niliyekuomba figo. "Ukijua kuendesha utaondoka naye." Niliondoka hata hivyo, mama, kwa basi, nikasoma, nikapata kazi Kibaha, kazi ya kupanga bajeti za ofisi, na usukani wa Somo sikuugusa. Mtoto wa pekee wa dereva, nimefika miaka thelathini na sita sijui klachi iko mguu gani.

Sasa tuje kwenye kosa langu, maana nalo lipo, sitalikwepa. Ulikuja kwangu kwa ajili ya macho. Ulisema unaona ukungu. Nikakupeleka kliniki, na ulipoitwa ndani mimi nikabaki nje nabishana kwenye simu na mtu wa ofisini kuhusu bajeti ya robo mwaka. Ukatoka, nikaziba simu kwa mkono, nikakuuliza wamesemaje. "Wamesema niko sawa, wamenipa dawa ya matone." Nikarudi kwenye simu yangu.

Jioni yake, kukuchangamsha tu, nikakuonyesha video ya mzee mmoja huko ughaibuni, na gari lake kuukuu linalopanda mlima kama linapaa. Chini ya boneti kuna dude linalia kama mluzi. Ukainyakua simu, ukaisogeza puani. "Hicho kinacholia ni nini?" Nikasoma, nikakwambia kinaitwa supachaja. Ukairudia video ile mara sita. Ningejua, ningekuonyesha mapishi.

Asubuhi ukanitaka nikupeleke kwa fundi. Fundi Massawe, pale Maili Moja, ambaye hana haraka na hajui kumdanganya mteja, ndiyo maana gereji yake haina wateja wengi. Akakupa kiti. Akakueleza taratibu kwamba supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini yenyewe. Inasukumia hewa ndani, ukiongeza hewa unaongeza na petroli, hapo ndipo nguvu inapotoka.

"Mama, ni sawasawa na kupuliza jiko la mkaa," akasema.

"Ukipuliza sana jiko linapasuka," ukamjibu.

"Ehee! Ndiyo maana tunaanza na jiko. Tunapima kompresheni, tujue kila silinda inabana kiasi gani. Tunaangalia ringi za pistoni, gasketi, rejeta, klachi, breki. Jiko likiwa zima, ndiyo tutafute pampu. Pampu inanunuliwa mwisho."

Ulitikisa kichwa kukubali. Wallahi nilikuona kwa macho yangu ukitikisa kichwa! Na mimi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu, nikaenda nyumbani nikakupangia bajeti nzuri, mama, hatua kwa hatua, kuanzia kupima mpaka kufunga, na asilimia kumi ya dharura. Nikaichapa. Nikakufungia kwenye bahasha. Uliibeba mpaka Masaki, na baadaye niliikuta umefunikia mtungi.

Kwa sababu wewe ulikuwa na mpango wako.

Wiki tatu hazijapita, namba yangu ikaingizwa kwenye kundi la WhatsApp. "Kamati ya Somo." Mwenyekiti, wewe. Mhazini, Bi Zena, rafiki yako tangu mkiwa wasichana. Na kadi zimeshachapwa, za dhahabu, zina maua pembeni, kama kadi za harusi, kwa sababu zilikuwa kadi za harusi, mchapaji alibadilisha maneno tu. "Mama Mwanaidi wa Masaki anayo furaha kukuomba mchango wako ili kufanikisha supachaja ya gari lake, Somo." Nikakupigia hapo hapo.

"Mama, umechanganyikiwa? Watu hawachangii injini!"

"Kwa nini wasichangie? Nimechangia miaka thelathini. Watoto wanne wa Zena nimewaoza mimi. Kadi zote ninazo, nimezibana na kibanio cha nguo. Nimechanga harusi, nimechanga kicheni pati, nimechanga hata ya yule aliyeachika kabla sijamaliza ahadi. Na mimi nilikuwa nangoja yako."

Nikakaa chini, simu sikioni.

"Wewe ukaolewa Jumatano," ukasema. "Mchana. Watu saba. Juisi na sambusa."

"Tulikuwa tunanunua kiwanja, mama. Tulipanga bajeti."

"Ndiyo hivyo. Bajeti yako ilikula harusi yangu. Sasa niache nimwoze Somo."

Ni kweli, kila mama hapa kwetu anachanga akijua siku yake itafika, na siku yako mimi niliimaliza kwa birika mbili za juisi ya embe. Kwa hiyo nikakubali kuja kwenye kikao cha kwanza kuwasaidia. Nikakaa kwenye mkeka wenu, nikawafundisha kupanga vifungu. Nikajifanya mwalimu kwelikweli: "Kina mama, pesa ya kifungu haihamishwi kwenda kifungu kingine bila saini ya mwenyekiti. Mkilegeza hapo tu, pesa imeliwa." Mkapiga makofi. Bi Zena akaandika na kupigia mstari. Laiti ningejua, ningefunga mdomo.

Maana nilipoiona bajeti yenyewe, yarabi! Supachaja ipo. Sare, kitenge cha zambarau, ipo. Matarumbeta yapo. Pilau. Keki ya ngazi mbili. Mpiga video. Gasketi hakuna. Ringi hakuna. Rejeta hakuna. Breki, mama, breki za gari litakalopanda mlima na kushuka, hakuna! Na mwisho kabisa, kwa mwandiko wako wewe, "Mengineyo," shilingi laki nne na nusu.

Nakiri, hicho ndicho kilichonipandisha mori. Ofisini wananiita Mama Vifungu. Kuna neno moja nalichukia katika bajeti yoyote, nalo ni hilo. Mengineyo ndimo watu wanamofichia wanayoona aibu kuyataja. Nikaja Masaki Jumamosi mahsusi kwa hilo. Nikakukuta umekaa uani, Somo yuko bandani kafunikwa turubai. Nikauliza mbona haendi sokoni, ukasema mihogo mwaka huu haina bei. Na supachaja iko chini ya kitanda chako, imevikwa kanga. Imeshanunuliwa! Milioni na nusu, imetoka Dar, ya mtumba, kabla hata Massawe hajaigusa injini.

"Mama, fundi alisema pampu inanunuliwa mwisho."

"Bibi harusi anatafutwa kwanza. Ukumbi baadaye."

"Hii siyo harusi! Injini ikipasuka hapo mlimani, keki itakusaidia nini? Na hii Mengineyo ni ya nini?"

"Mambo mengine."

"Mambo gani?"

"Mwanaidi, mengineyo ni mengineyo. Kama yangekuwa na jina ningeyaandika."

"Basi itoe tununue gasketi na breki."

"Sitoi."

Tulibishana mpaka majirani wakapunguza redio ili wasikie vizuri. Nikasimama, nikachukua mkoba. Nikasema maneno ambayo nimeyatafuna kila siku tangu hapo: "Haya. Pesa yako, injini yako, mlima wako. Mimi simo." Ulikuwa unanitazama kwa kugeuza kichwa, jicho moja mbele kama kuku, na mimi nikaona ni dharau. Nikaondoka bila kukuaga vizuri.

Siku ya kumi na tisa tangu ugomvi ule, Bi Zena akapiga simu alfajiri. Presha, walisema. Nilikuja na basi la kwanza.

Kuhusu mazishi sitakueleza, wewe ulikuwepo kuliko sisi. Nikwambie tu kwamba usiku wa kwanza nililala kwenye kitanda chako, na supachaja iko chini yangu, na nilitamani niitupe kisimani.

Arobaini ilipopita, kina mama wakaja. Kumi na wanane, wamekaa kwenye mikeka, Bi Zena katikati na daftari. Nilidhani wamekuja kugawana kilichobaki. Bi Zena akakohoa. "Mwanangu, mchango ulitolewa. Ahadi zote zimekamilika, hakuna aliyebaki na deni kwa mama yako. Sasa sisi tunataka mlima."

"Bi Zena, mwenye gari hayupo."

"Mwenye harusi akifa, mtoto haolewi?"

Nikawaambia sawa, Somo atapanda, lakini kwa utaratibu. Nikamvuta kwa lori mpaka Maili Moja. Massawe akapima kompresheni, akarudia, akavua kofia. Silinda ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri. Ya tatu inabana nusu ya wenzake. Ya nne hivi hivi. Gasketi imechoka, rejeta imeziba, breki za nyuma hazipo kabisa. "Mama yako alikuwa anasimama kwa breki za mbele tu na dua," akasema. "Ukifunga supachaja hapa, dada, unaenda kuzika injini."

Nikarudi Masaki na karatasi ya Massawe. Nikaomba kitu rahisi tu: tuache keki, tuache matarumbeta, tupunguze pilau, na ile Mengineyo ije yote, tutengeneze jiko kwanza. Unajua walinijibu nini? Bi Zena alifungua daftari, akatia kidole kwenye yale maneno aliyoyapigia mstari. "Pesa ya kifungu haihamishwi kwenda kifungu kingine bila saini ya mwenyekiti."

"Mwenyekiti amefariki!"

"Ndiyo hivyo. Kwa hiyo haihamishwi."

"Jamani, mimi ndiye niliyewaambia maneno hayo!"

"Na tumeyashika," akasema mwingine kule nyuma, na wote wakaitikia kwa pamoja, wameridhika na nafsi zao. Nilitamani kulia, mama. Nimefundisha watu wenye digrii zao miaka kumi na moja, hakuna hata mmoja aliyenisikiliza. Wamenisikiliza wauza mihogo kumi na wanane, siku moja, siku ambayo sikutaka wanisikilize.

Unajua nilichofanya? Niliuza tofali zangu. Tofali mia nane, zilizokuwa zimepangwa kwenye kile kiwanja kilichokula harusi yako, nimezifyatulisha kidogo kidogo kila mwezi. Mume wangu alinitazama wakati zinapakiwa, akaniuliza, "Hii iko kwenye bajeti?" Nikamwambia asinisemeshe. Massawe akafungua injini. Ringi mpya, gasketi mpya, silinda hedi ikapelekwa kusawazishwa, rejeta ikazibuliwa. Kwa breki mpya za nyuma pesa ya tofali haikufika, tukafunga za mtumba. Ndipo akafunga supachaja, na kabureta ikamtesa siku tisa. Kila nikitoka kazini napitia gereji, namkuta kaikumbatia, ananiambia, "Dada, hewa ipo, petroli haijataka." Nilijifunza kuchukia petroli.

Halafu likaja la dereva. Nilipendekeza kijana mmoja wa Msimbu anayeendesha magari ya mchanga. Bi Zena akakataa katakata. "Dereva ni wewe. Kamati haimjui mwingine."

"Mimi sijui kuendesha, na wewe unalijua hilo."

"Utajua."

Basi nikaenda shule ya udereva hapa Kibaha, umri huu, darasani na watoto waliomaliza kidato cha nne mwezi uliopita. Mwalimu anapiga kelele, "Mama, klachi! Mama, hiyo ni breki!" Nilizima gari katikati ya makutano, watu wakanipigia honi mpaka nikasahau jina langu. Nikimaliza nakimbilia ofisini. Nilipomwambia Bi Zena nimeshalipa ada yote, akashtuka.

"Umelipa mwenyewe?"

"Ningelipiwa na nani?"

Akatazama paa kana kwamba linavuja. Nilidhani ni uzee.

Ndiyo tukafika jana.

Ungeiona, mama! Ungeiona na mimi ningekugombeza kwa kila kitu ulichokiona. Kitenge cha zambarau watu kumi na wanane, pikapu imeoshwa mpaka inatia aibu, na riboni mbele, riboni ya harusi kabisa! Matarumbeta yamepandishwa nyuma ya lori la mchanga litangulie. Mpiga video amening'inia. Pilau inatangulia Kisarawe. Bi Zena amekaa kiti cha mbele karibu yangu, mkoba kaukumbatia. Massawe alikuja toka Kibaha na boksi la spana, akaniambia neno moja tu. "Angalia mshale wa joto. Ukigusa nyekundu, zima, hata kama watu wanakuimbia."

Tukaanza. Kwenye tambarare Somo alikuwa anakimbia bila shida, nikaanza kupumua. Tukafika chini ya mlima. Lori la matarumbeta likaanza kushindwa, likaenda pembeni, wakaendelea kupuliza hapo hapo waliposimama. Nikaweka namba tatu. Nikakanyaga, na kile kitu kikalia, mama. Ule mluzi. Sikutegemea kwamba utanigusa hivyo. Somo akainua pua.

Namba tatu! Ulipokuwa unatambaa na namba moja, sisi tuko namba tatu. Nyuma wanapiga vigelegele, mimi macho yangu yako kwenye mshale wa joto. Mshale ukapanda. Ukakaribia nyekundu. Nikawa nasema kwa sauti, "Gasketi, gasketi, gasketi," na Bi Zena akadhani ni dua, akaitikia amina. Na mbele yetu, nakuapia, bodaboda la mkaa. Siyo yule wako, ni mwingine, lakini magunia ni yale yale. Nikamfikia. Nikamkaribia ubavuni. Akageuka, akaniona na kitenge na riboni, akababaika.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu!" nikapiga kelele, nikampita.

Nilicheka. Nilipiga usukani kwa furaha. Nikageuka kushoto nikwambie, nikamkuta Bi Zena analia.

Tukafika juu. Mshale uligusa ukingo wa nyekundu, haukuvuka. Nikazima gari mahali pale pale ulipolizima wewe siku ile. Kina mama wakashuka wanacheza barabarani, magari yanapita yakipiga honi. Mimi nikabaki ndani. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kukuambia: kwamba nilikuwa sahihi kuhusu gasketi, kwamba isingekuwa tofali zangu ungepasua injini mbele ya wote. Hotuba nzima nilikuwa nayo.

Bi Zena akafungua mkoba, akatoa bahasha. "Hii ni Mengineyo."

Nikaichukua kwa hasira, nikasema, "Sasa ndiyo mnanipa? Baada ya kuuza tofali?"

"Siyo ya gasketi. Ni ya shule ya udereva. Na leseni. Ni yako." Akafuta macho kwa pindo la kitenge. "Mama yako jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia linafuata. Walimwambia kule kwako, kliniki. Wakamwambia usukani basi, tena wasimwone nao. Hajaendesha tangu siku ile. Ulidhani supachaja ile ni ya nani?"

Mama, kwa nini? Nilikuwa mlangoni! Mlango mmoja tu, na simu yangu ya bajeti mkononi. Nikakuuliza wamesemaje, ukanitazama usoni ukaniambia uko sawa. Somo akakaa bandani na turubai lake, ukanisingizia bei ya mihogo. Ukageuza kichwa kama kuku na mimi nikaondoka nikidhani unanidharau, kumbe unanitafuta nilipo. Siku kumi na tisa ulikuwa nazo bado, na simu unayo, na sauti unayo. "Mwanaidi, sioni tena, nataka uendeshe wewe." Maneno sita! Ungeshindwa kuyasema? Ulinikatalia usukani miaka kumi na tisa, halafu unanipa kwa mlango wa nyuma, kwa kamati, kwa kitenge cha zambarau, nami nimelipia shule kwa pesa yangu, nimeuza na tofali, ninapiga kelele na kina mama wazima kwa ajili ya kifungu kimoja! Nimemuuliza Bi Zena hivyo hivyo, pale juu, watu wanacheza. Kwa nini hakuniambia? Kwa nini ninyi wote mlinyamaza?

"Alituapisha," akasema. "Alisema, mwambieni akishafika juu. Akijua mapema, hicho ndicho kifungu atakachokikata kwanza. Atasema yeye hahitaji."

Ndicho kilichonikalisha hapa barazani tangu asubuhi. Nimetafuta jibu, mama, nikutie aibu nalo. Nimeipitia bajeti yako mstari kwa mstari, kwa kalamu, kama ningeletewa ofisini.

Somo yuko hapa nje, chini ya turubai lako. Kesho kutwa namrudisha kwa Massawe tufunge breki mpya, na pesa nimeitoa kwenye Mengineyo, na mahali pa saini ya mwenyekiti nimeandika jina langu. Keki ilibaki ngazi moja, nimempelekea Bi Zena.

Na jibu sina. Ulinijua. Ningekikata, mama. Ningekikata kabla ya keki.

Pumzika. Ukiamkiwa huko, itikia.

Ni mimi binti yako, dereva wa Somo.